Fundi Rejeta na Pilipili ya Mlangoni

Kabla sijamsifu mtu, nianze na la kwangu, maana nisipolisema mimi mama atalisema, na yeye akisimulia hutia chumvi. Nilichukua kopo zima la magadi ya mama, yale ya kupikia mlenda, nikayakoroga kwenye maji, nikayamimina kwenye ndoo ya pilipili ya Fundi Rejeta. Si kwa ubaya. Nilikuwa natumia akili. Udongo wa ndoo ile ulikuwa umeganda juu kama sakafu, na Fundi alikuwa ameniachia kazi ya kuutibua kwa uma kila baada ya siku mbili. Nikajiuliza: magadi yanalainisha mlenda, yanalainisha kunde kavu, yanalainisha hata makande yaliyogoma tangu asubuhi. Udongo ni nani asilainike? Darasani ndiyo kwanza tulikuwa tumemaliza asidi na besi. Kwenye jaribio la mada hiyo nilipata thelathini na moja kwa mia, nikaona nimefikia hatua ya kufanya utafiti wangu mwenyewe.

Siku ya tatu majani yalianza kuungua kwenye kingo. Siku ya sita yalikuwa chini. Siku ya nane ndani ya ndoo mlikuwa na kijiti ambacho hata mbuzi angekipita.

Haya, hilo limeshatoka. Sasa nimwongelee mwenye ndoo.

Sijui Fundi alizaliwa wapi wala mwaka gani, na sikuwahi kumuuliza. Kwetu Kizota, kwenye msururu wa mabanda ya mafundi, mtu ni kazi yake. Kuna Fundi Betri, kuna Fundi Kuchomelea, kuna Mama Lishe ambaye ndiye mama yangu, na ukuta kwa ukuta na kibanda cha mama alikuwepo Fundi Rejeta, mzibaji wa rejeta za malori. Mimi nilikuwa Mtoto wa Mama Lishe mpaka siku nilipomweleza, kwa sauti ya kidato cha kwanza, kwamba mimea inakula jua.

“Inakula jua?” akauliza.

“Ndiyo, Fundi.”

“Basi ya hapa Dodoma ingekuwa imevimbiwa, Profesa.”

Tangu hapo nikawa Profesa. Mafundi wote walilipokea jina hilo kwa furaha ambayo sikuipenda.

Macho yake yalikuwa na ukungu. Wakubwa walisema ni mtoto wa jicho. Mimi nilipokuwa mdogo nilimtafuta huyo mtoto sana, nikichungulia kutoka chini wakati Fundi anakula. Hakuona vizuri, lakini kazi haikumshinda. Mafundi wengine hutumbukiza rejeta kwenye pipa la maji na kutafuta mapovu. Fundi alimwambia mtu apulizie upepo kwenye bomba, kisha yeye akapitisha shavu lake polepole juu ya rejeta nzima, kama anayesikiliza siri. Shavu likigusa kaupepo, anasimama. “Hapa.” Na kweli ni hapo. Nilijaribu na mimi mara moja, kwenye rejeta iliyokuwa imetoka kwenye lori muda huo huo. Nilikwenda shule wiki nzima na mistari shavuni kama karatasi ya daftari.

Kwenye banda lake, kuanzia mlangoni hadi mwisho wa ukuta wa mabati, zilijipanga ndoo kumi na mbili za rangi. Nje zilikuwa na michirizi ya kijani na krimu, rangi za nyumba za watu, ndani zilikuwa na pilipili. Alizitoboa zote chini, matundu matano kila moja, kwa msumari wa moto. “Rejeta ikiwa na tundu, nakula,” alisema. “Ndoo ikiwa na tundu, nakula. Mimi ni mtu wa matundu.” Nami nilipotaka kuotesha yangu nyumbani niliona kutoboa ndoo nzima ni uharibifu. Nikapanda, nikamwagilia asubuhi, mchana na jioni, kwa upendo. Mche ukawa wa njano, ukainama, ukalala. Nikaibeba ndoo kama mgonjwa hadi kwa Fundi. Aliipindua ndoo, akanusa, akageuza uso.

“Profesa, hapa umefuga chura.”

Kisha akanifundisha, na alifundisha kwa mikono kuliko kwa maneno. Mchanga wa korongoni sehemu moja, udongo mwekundu sehemu moja, samadi ya mbuzi sehemu moja. Samadi iliyokaa, siyo ya leo. Alinifanya niifikiche na kuinusa, na ikiwa bado inanuka mbuzi, bado. Juu ya udongo alitandaza makapi ya alizeti tuliyoyaokota bure kwenye mashine ya kukamua mafuta, ili jua lisinywe maji kabla ya mmea. Maji asubuhi, kwenye shina, siyo kwenye majani, na usirudie mpaka uchomeke kidole hadi kiungo cha pili ukute pamekauka. Jua la saa saba alilikinga kwa kiroba kilichofunguliwa na kutundikwa kwenye nondo.

Lakini adui yake mkubwa alikuwa chumvi. Maji ya visima vyetu yana chumvi, kila mtu anajua, ukichemsha chai birika linaota ndevu. Kwa hiyo Fundi alikinga maji ya mvua kwenye mapipa na kuyafungia kwa kufuli. Kwa kufuli! Mlango wa banda lake aliufunga kwa waya. Kiangazi maji yake yakipungua alimwomba mama yale maji matamu ya kununua aliyooshea mboga, na kila siku, miaka yote, aliuliza swali lile lile:

“Mama Lishe, haya hayajaguswa na chumvi?”

“Hayajaguswa, Fundi.”

“Hata kidogo?”

“Fundi, nikuapie kwa jina la nani?”

Alinionya juu ya chumvi kuliko mama alivyonionya juu ya wasichana, na maonyo yote mawili yaliingia sikio moja. Nilichojua ni kwamba magadi si chumvi. Kwenye kibanda cha mama yana kopo lake na chumvi ina kopo lake. Kwa kiwango changu cha kemia, hapo nilikuwa nimeshathibitisha.

Mche ukifika urefu wa shubiri, Fundi aliukata kichwa. Mara ya kwanza nilipiga kelele kama nimekatwa mimi. “Kama mzabibu,” alisema. “Usipoukata unakwenda juu kama nguzo, unatafuta mtandao. Ukiukata unakasirika, unatoa mikono.” Maua ya kwanza pia aliyachuma na kuyatupa. “Huyu bado ni mwanafunzi. Hatuwezi kumzalisha.” Na zilipoiva alitaka zichumwe upesi, kwa mkasi, maana ukiiacha pilipili nyekundu mtini muda mrefu mmea unadhani umeshamaliza kazi, unaketi. Kuvuta kwa mkono ilikuwa marufuku. Ukivuta unavunja tawi, na Fundi akisikia ule mlio wa kuvunjika aligeuka kama vile umevunja mkono wa mtoto wake.

Alinionya pia nipake mafuta ya kula mikononi kabla ya kuchuma na ninawe baada ya kuchuma. Nilichuma ndoo sita bila mafuta, nikaenda haja ndogo bila kunawa. Sitaeleza zaidi. Nilirudi nikitembea kama mtu aliyeshuka kwenye punda baada ya safari ya siku tatu. Mafundi walicheka mpaka Fundi Betri akakaa chini. Fundi Rejeta hakucheka. Alinipa kikombe cha mafuta ya alizeti na kitambaa safi, akasema, “Pilipili haitoki kwa maji, inatoka kwa mafuta. Ingia ndani. Mlango ufunge.” Kisha nikiwa ndani ndipo nikamsikia. Alicheka kwa pua, kama rejeta inayochemka.

Na cha ajabu, yeye mwenyewe hakula pilipili. Ana vidonda vya tumbo. Mlenda wake mama aliupakulia pembeni, hauna hata harufu ya pilipili, na Fundi aliula akiwasikiliza madereva wa malori wakivuta pumzi, wakijifuta majasho, wakimsifu. Hicho ndicho kilikuwa chakula chake kweli. Dereva akisema “kali hii,” Fundi aliongezewa ugali.

Alikuwa na mengine yasiyoingiliana. Jumapili alikuwa wa kwanza kanisani, shati limepigwa pasi, na Jumatatu aliwafokea wadudu mafuta kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika kwa sababu mama anasoma. Aliwapulizia maji ya sabuni huku anawatukana, na nadhani wengine walikufa kwa matusi. Aliwacheka watu wa kupiga ramli, lakini hakuruhusu mtu apige mluzi karibu na pilipili zenye maua. “Yataanguka.” Mimi, mtu wa sayansi, nilisubiri aondoke, nikazipigia mluzi ndoo zote kumi na mbili, kila moja na wimbo wake. Usiku ule ukavuma upepo wa mwezi wa nane, asubuhi maua yamejaa chini. Nikajua ni upepo. Lakini sijapiga mluzi tena hadi leo, hata nikiwa shuleni.

Ndoo kumi na moja zilikuwa za wateja wa mama. Ya kumi na mbili ilikaa peke yake mlangoni, na hiyo hakuichuma mtu ila yeye. Pilipili zake zilikuwa fupi, nene, na hazikuning’inia kama nyingine. Zilisimama zikitazama juu. Fundi aliniambia habari zake mara moja tu, tukiwa tunasubiri risasi ya kuzibia iyeyuke. Mbegu zilikuja zimefungwa kwenye pindo la kanga ya mke wake, siku alipoolewa. Kila mwaka waliotesha mbegu za pilipili ya mwaka uliotangulia. Mke alifariki, yeye akaendelea kuotesha. Kisha macho yakaingia ukungu, akawa anajua pilipili imeiva kwa kuipapasa, ganda likianza kuteleza.

“Wekundu wake sijauona siku nyingi,” alisema. “Najua tu kwamba upo.”

Mwaka jana mvua za kwanza zilipita kwenye bati la banda lake, zikalowesha kijikaratasi alichohifadhia mbegu za akiba, mbegu zote zikaota ukungu. Mtu anayeziba matundu ya malori ya watu, na bati lake linavuja. Kwa hiyo mche wa mlangoni ulikuwa ndio wa mwisho wa ukoo wake. Nililijua hilo. Nataka ieleweke kwamba nililijua.

Basi akapata nafasi ya kwenda hospitali ya Mvumi kutengenezwa jicho, moja kwanza. Angekaa kwa dada yake huko mpaka daktari amruhusu. Mche wa mlangoni ulikuwa umebeba pilipili saba, zote bado kijani na changa.

“Nikirudi zitakuwa zimeiva,” aliniambia. “Kitu cha kwanza nataka kuona ni hizo. Kwa hiyo sikiliza, Profesa. Maji, na uma wa kutibulia. Usiongeze kitu. Ukisikia akili inakuja, kaa chini ikupite.”

Sikukaa chini.

Mche ulipokauka, zile saba zilianguka zingali changa, zimesinyaa, ndani mbegu nyeupe laini zisizofaa kitu. Mama naye alianza kutafuta magadi yake.

“Kopo lilikuwa limejaa. Nani kagusa?”

“Labda panya, mama.”

“Panya wanakula magadi?”

“Panya wa siku hizi, mama.”

Mama alinitazama muda mrefu, akarudi kwenye sufuria. Mama akinyamaza hivyo jua anaweka akiba.

Taarifa ikaja kwamba Fundi anarudi Ijumaa. Hapa ndipo akili ilikuja mara ya pili. Nilichukua pilipili nyekundu saba kwenye kapu la mama, zile ndefu za sokoni, nikachukua uzi pekee uliokuwemo kwenye kopo lake la sindano, wa zambarau, nikazifunga moja moja kwenye kile kijiti. Nikasogea nyuma hatua tano, nikafinya macho kidogo ili nione kama Fundi anavyoona. Ilipendeza. Nilisimama pale nikijipongeza, na wala haikunijia kichwani kwamba mtu huyu alikwenda Mvumi kutengenezwa macho.

Alishuka kwenye pikipiki mbele ya banda, amevaa miwani ya giza, begi dogo mkononi. Mafundi wakaja, mama akatoka na mwiko.

“Shikamoo, Fundi,” nikasema.

“Marahaba.” Akavua miwani. Jicho moja lilikuwa safi kama kioo kilichofutwa. Likanitazama kuanzia juu hadi chini. “Huyu ndiye Profesa?”

“Ndiye mimi, Fundi.”

“Miaka yote hii nilidhani una sura nzuri.”

Walicheka wote, na mimi nilicheka kuliko wote, nikiomba cheko hilo liendelee mpaka jua lizame. Halikuendelea. Fundi alikwenda mlangoni, akainama. Kwanza alisogeza shavu, kwa mazoea, halafu akajikumbuka, akarudisha kichwa nyuma akatumia jicho. Alishika uzi kwa vidole viwili.

“Zambarau,” akasema taratibu. “Rangi hii nilikuwa nimeisahau.”

Akazigeuza zile pilipili kwa kiganja.

“Na hizi zinatazama chini. Za mke wangu zilitazama juu.”

Akachomeka kidole kwenye udongo, akakigusisha ulimini. “Magadi.”

Nilisema yote, mbele ya watu, kuanzia uma hadi panya. Nilingoja anifokee. Mtu aliyefokea wadudu mafuta mpaka wakadondoka, kwangu angeshindwa nini? Angenifokea ningepata nafuu. Alichukua kigoda, akakaa mlangoni akiipa ndoo mgongo, akavaa tena miwani yake ya giza. Siku hiyo hakuziba rejeta. Mama alimpelekea uji, akaukuta jioni umeota ngozi juu.

Jumatatu tulikuwa na kipindi cha hisabati, kugawa pembe katikati. Nilifungua kopo langu la bikari, kopo ambalo nalifungua kwa nadra kuliko ninavyopaswa kusema, na chini ya pembetatu iliyovunjika nikakuta kijikaratasi kilichosokotwa. Nikakifungua. Pilipili tatu, kavu, nyekundu iliyokolea, fupi, nene.

Ilinichukua muda kukumbuka. Mwaka jana niliziiba kwenye ndoo ya mlangoni nizitie kwenye andazi la kiranja wetu. Nilizibeba kwa wiki mbili, kisha nikampima kiranja mabega, nikaamua kusamehe.

Nilimwambia mwalimu tumbo linaniuma. Nilikimbia hadi Kizota na kopo mkononi, kona yake ikinichoma kiganja.

Fundi alizipasua kwa ncha ya msumari juu ya gazeti. Mbegu nzima zilikuwa kumi na tisa, za njano, ngumu. Alizihesabu kwa kidole, halafu akazihesabu tena kwa jicho.

“Uliziiba lini?”

“Mwaka jana, Fundi.”

“Mbona hukuzitumia?”

“Niliogopa.”

Alitikisa kichwa. “Woga wako una akili kuliko wewe.” Kisha akanikabidhi uma. “Magadi mwachie mama yako.”

Tuliloweka mbegu kwenye maji ya uvuguvugu, tukazipanda kwenye trei la mayai, moja kwa kila shimo. Wiki mbili hakuna kitu. Nilikwenda kila asubuhi kabla ya shule na kila nikitoka, nikitazama mashimo kumi na tisa ya udongo mtupu, na sikufanya mzaha na mtu, hadi mama akanipima homa. Siku ya kumi na saba zikachomoza tano. Kuku akala mbili. Tatu zikabaki, na kuku yule Jumapili tulimla. Mimi nilipewa shingo. Mche wenye nguvu kuliko wenzake tukauhamishia mlangoni, jioni, jua likiwa limelegea, kwenye ndoo mpya na udongo mpya. Nikaukata kichwa mwenyewe. Nikatibua udongo kwa uma kila baada ya siku mbili, bila kuulizwa. Akili ilikuja mara kadhaa. Nilikaa chini ikanipita.

Wakati wote huo mama hakununua magadi mengine. Kila siku ya mlenda alinipa kopo tupu nikaazime kwa majirani, na kila jirani aliniuliza, kwa upole mkubwa, panya wetu wanaendeleaje.

Jumamosi iliyopita, kama saa tano, Fundi alituita. Ilikuwa moja, nyekundu kabisa, imesimama inatazama juu. Alipiga magoti mbele yake. Aliitazama kwa jicho jipya, akafumba, akaipapasa kwa kidole gumba, akafumbua tena. Alifanya hivyo mara tatu, kama anayehakiki kwamba ile aliyoijua gizani na hii ya mchana ni moja.

“Ndivyo ilivyokuwa,” akasema.

Akaikata kwa mkasi, akang’ata nusu.

“Fundi, tumbo lako!” mama akapiga kelele.

Alitafuna polepole. Machozi yalimtoka macho yote mawili, la zamani na jipya, na hakuyafuta. Nusu iliyobaki, yenye mbegu, aliifunga kwenye kijikaratasi akanipa mimi. Mimi! Niliitia kwenye kopo la bikari. Machozi yangu yalikuwa yanatoka pia, lakini mimi nilikuwa nimesimama karibu na ile harufu. Nikamtazama mama, nikitegemea, kwa mara ya kwanza katika sakata hili, neno la kunisifu. Alijifuta uso kwa upande wa kanga, akashusha pumzi, akasema:

“Hongera, Fundi. Na wewe, panya wangu, shika kopo ukaniletee magadi, na ukirudi upite mbali na hiyo ndoo.”